Soma Hata Kisichoulizwa Mtihanini

Mdogo wangu, sogea karibu. Leo sitazungumza habari za mapenzi wala za marafiki wabaya, ingawa najua hayo ndiyo mnayoyangoja. Nataka tuzungumze habari ya kitabu. Sisemi kile kilichofungwa karatasi ya kaki na kuandikwa jina lako, kidato chako na mkondo wako. Nasema kitabu unachokifungua kwa sababu unataka kujua nini kitatokea, basi, bila kutumwa na mtu.

Mkikaa na mimi mnaniuliza jambo moja kwa sura nyingi. Huyu anasema akishika riwaya mama anamwita mvivu, ndoo zinamngoja. Yule anasema kitabu hakimo kwenye silabasi, sasa akisome ili iwe nini. Mwingine anasema vitabu vinamletea usingizi, labda kichwa chake kina kasoro. Kuna na yule anayeongea kwa sauti ya chini kabisa: tangu aingie sekondari hajamaliza kitabu hata kimoja, na sasa yuko kidato cha tatu.

Futa hiyo aibu. Si wewe peke yako, wala hukuzaliwa hivyo. Hebu tukumbuke ilivyokuwa. Shule ya msingi ulisoma kwa Kiswahili. Ulikuwa ukiokota kipande cha gazeti kilichofungiwa karanga unakisoma mpaka mwisho, na hakuna aliyekuuliza umeelewa nini. Ukafika kidato cha kwanza, masomo karibu yote yakageuka Kiingereza. Kila sentensi ukawa unaivunjavunja kutafuta maana, na kabla hujaipata kengele imelia. Ukajifunza njia ya kujiokoa: kunakili ubaoni, kukariri, kutafuta desa, kungoja mtihani wa wiki, halafu moki, halafu Baraza la Mitihani. Katikati ya hayo nani alikuambia kusoma kuna raha? Hakuna. Kwa hiyo ukaamini kwamba kusoma ni adhabu inayomalizika siku ya matokeo. Nawajua watu wazima wengi hapa Mwanza ambao siku walipotoka chumba cha mtihani wa kidato cha nne ndiyo siku yao ya mwisho kushika kitabu. Wameoa, wameolewa, wana maduka, na mtoto akiwaletea hadithi awasomee wanatafuta miwani ambayo hawana.

Sitaki hayo yakukute.

Sasa nikugombeze kidogo, na usinune. Hiyo tabia ya kununua kijitabu cha uchambuzi na kuiacha riwaya yenyewe, iache. Najua unavyofanya: unatafuta dhamira, ujumbe, falsafa ya mwandishi, wahusika na sifa zao, unavimeza, unakwenda kuvitapika kwenye karatasi. Chukua Takadini ya Ben Hanson. Wengi wenu mnaweza kunitajia dhamira zake zote mkiwa mmefumba macho. Nikiwauliza Sekai alijisikiaje usiku ule alipomkumbatia mwanawe mwenye ualbino na kukimbia kwao ili asiuawe, mnanitazama.

Hapo ndipo moyo unaponiuma. Hadithi ile imewekwa Zimbabwe, lakini wewe unaisomea Kanda ya Ziwa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000, huku kwetu watu wenye ualbino waliwindwa na kukatwa viungo kwa sababu ya imani za kishirikina za utajiri. Watoto waliondolewa kwa wazazi wao wakapelekwa mahali penye uzio na ulinzi, kama kituo cha Buhangija kule Shinyanga, na wapo waliokulia humo mbali na mama zao. Labda darasani kwenu yupo mwenzako anayevaa kofia pana na kukaa dawati la mbele ili aone ubao. Kijitabu cha uchambuzi kitakupa mistari miwili kuhusu "mila potofu", upate alama zako. Riwaya yenyewe ingekuweka ndani ya mwili wa yule mama, utembee naye usiku, uogope kila mti unaotikisika. Ukitoka humo, mwenzako wa dawati la mbele hutamwita tena lile jina baya mnalomwita wakati wa mapumziko. Alama za mtihani utapata kwa njia zote mbili. Huruma hutaipata kwenye kijitabu.

Nirudi kwa yule ambaye mama yake anaona anapoteza muda. Mdogo wangu, mama hana ubaya. Yeye anahesabu ada, michango, sare na viatu, na anataka aone unasoma kitu kitakachorudisha fedha yake. Mwambie hivi, kwa adabu, usiku baada ya kula wala si wakati amebeba ndoo. Mwaka 2000 Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, liliwapima kusoma vijana wa miaka 15 katika nchi nyingi. Walipoangalia matokeo waliona jambo la kushangaza. Watoto wa wazazi wenye kazi za chini kabisa, lakini wanaopenda kusoma na wanaosoma vitu vya aina nyingi, waliwapita kwa wastani watoto wa wazazi wenye kazi kubwa ambao hawana habari na kusoma. Nchi hizo si zetu, na shule zao si za wanafunzi mia chumba kimoja. Lakini wewe usiyekuwa na mjomba ofisini, usiyelipiwa tyusheni ya likizo, hukuona mlango hapo? Anayesoma kwa raha anasoma kurasa nyingi zaidi ya yule anayelazimishwa, na maneno yanamwingia bila yeye kuyahesabu. Akifika kwenye insha haanzi kutafuna kalamu.

Na wewe usimpe mama sababu. Vyombo vimelala havijaoshwa, mdogo wako analia, wewe uko nyuma ya nyumba na kitabu. Hapo hata mimi nitakuita mvivu. Maliza kazi yako kwanza. Halafu siku moja msomee yeye. Nasema kweli, mkalishe jikoni, yeye anachambua mchicha na wewe unasoma kwa sauti. Mama wengi wa umri wake walikuwa wakigombania magazeti yenye hadithi za mfululizo za Eric Shigongo, huyu aliyechaguliwa mbunge wa Buchosa mwaka 2020, hapa hapa mkoani kwetu. Hadithi ilikatwa mahali pabaya, watu wakalala na roho juu wakingoja toleo linalofuata. Huko ndiko kusoma kwa raha ninakokusema, na mama anakujua kuliko unavyodhani. Mguse hapo uone.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba mnadhani vitabu ni vya watu wa mbali. Mnafikiri mwandishi ni Mzungu mwenye ndevu, au mzee wa pwani mwenye kanzu. Nenda ukasimame ufukweni uangalie meli ya Nansio ikiondoka. Inakokwenda, kisiwa cha Ukerewe, ndiko walikotoka baadhi ya waandishi wakubwa kuliko wote wa nchi hii, na mtoto wa Nyamagana anamaliza shule hajui.

Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896. Yeye na mkewe walijaliwa watoto na wote wakafariki, na baadaye akakaa chini akaandika hadithi ndefu ya mume na mke wanaopendana lakini wanaokaa muda mrefu bila kupata mtoto. Aliimaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe, lugha yake. Hakupata wa kuichapisha. Unafikiri aliitupa? Aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, akangoja. Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980, na yeye akafariki mwaka uliofuata. Humo utamkuta Bwana Myombekere anakwenda kumbembeleza mkewe, Bibi Bugonoka, ambaye wazazi wake wamemrudisha kwao kwa sababu ukoo wa mume unamsimanga kwamba hajazaa, na wakwe hao wanamtoza Myombekere pombe ya ndizi kabla ya kumwachia mkewe. Utaona watu wanavyovua, wanavyolima, wanavyosalimiana, wanavyotibiana, mpaka unasikia moshi wa jiko lao. Ni kitabu kinene, sitakudanganya. Kionje polepole. Wewe unayesema hadithi za kale zinakuchosha, hujawahi kukutana na mwanamume wa zamani anayempenda mkewe namna ile mbele ya ukoo mzima unaomwambia aoe mwingine.

Halafu Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944. Hajafika hata miaka 30 alitoa Rosa Mistika, mwaka 1971. Kitabu hicho kiliwahi kuzuiwa shuleni, watu wakisema kinaharibu vijana, na baadaye kikaruhusiwa kikasomwa na kufundishwa. Nakiweka mezani makusudi kwa sababu yenu ninyi wasichana. Rosa ni binti wa Ukerewe, na baba yake anamlinda kwa kipigo na woga, bila kumfundisha lolote kuhusu dunia. Siku anapotoka nje ya macho ya baba, hajui afanye nini na uhuru wake, na wanaume wanaomngoja wanajua. Mwisho wake unaumiza. Ukikisoma, usikisome peke yako kimya kimya ukabaki na donge kooni. Zungumza na dada, shangazi, mwalimu wa kike unayemwamini. Mimi naona heri msichana alie juu ya ukurasa wa Rosa akiwa kidato cha nne kuliko aje alie juu ya maisha yake mwenyewe kidato hicho hicho. Na ninyi wavulana msijifiche. Wanaume wa kitabu kile wametoka mahali fulani, walikuwa vijana kama ninyi wakicheka na wenzao chini ya mwembe.

Ukipenda kuendelea, yupo Gabriel Ruhumbika, naye wa Ukerewe, mwandishi wa Miradi Bubu ya Wazalendo, ambaye ndiye aliyekitafsiri kitabu cha Kitereza kwa Kiingereza, kikatoka mwaka 2002. Na ukivuka kwenda upande wa Mara, Butiama, unamkuta Mwalimu Nyerere. Mwaka 1963 nchi ilikuwa changa, kazi zimemjaa mpaka shingoni, na bado tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare ilitoka mwaka huo. Mwaka 1969 ikatoka Mabepari wa Venisi. Hakuna mtihani uliokuwa unamngoja. Alipenda tu. Kwa hiyo mdogo wangu ukiniambia huna muda, nitakusikiliza, lakini nitakuuliza simu umeishika saa ngapi jana.

Ndiyo, simu. Sitaki kuitukana, maana na humo mnasoma. Zile hadithi za vipandevipande za Watsapu na Facebook, zinazokatwa palepale penye utamu mpaka ulipie sehemu inayofuata, ni kusoma pia, na zimewafundisha wengine kumaliza sura moja kwa pumzi moja. Tatizo langu ni kwamba nyingi zinazunguka mahali pale pale: tajiri, msichana maskini, mama mkwe mbaya, na kitandani. Ukila hizo tu unaanza kuamini kwamba mapenzi ndivyo yalivyo. Na simu haikuachii. Uko katikati ya hadithi, ujumbe umeingia, umetoka, umeangalia picha, umesahau. Ukitaka kusoma kwenye simu, zima data kwanza.

Sasa wewe wa usingizi. Kitabu gani kinakulaza? Ukinitajia, nina hakika ni kile ulichochaguliwa. Hujawahi kuchagua! Anza na kinachokuvuta, hata kama mwalimu atakunja uso. Unapenda hatari na bastola, mtafute Willy Gamba wa Elvis Musiba, anza na Kufa na Kupona. Unapenda kufumbua mafumbo, yupo Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, mpelelezi wa Zanzibar aliyeingia vitabuni mwaka 1960 na mpaka leo anavuta kiko chake bila haraka. Unapenda kucheka, Hekaya za Abunuwasi hazijawahi kuzeeka, na usiogope kuambiwa ni za watoto. Kurasa ishirini zikipita na moyo wako haujashikwa, kifunge ukirudishe, chukua kingine. Hakuna dhambi hapo. Watu wengi wameacha kusoma kabisa kwa sababu walijilazimisha kumaliza kitabu kimoja kibaya.

Kiingereza nacho usikiendee kwa pupa. Mwenda pole hajikwai. Kuna vile vitabu vyembamba vya Richard Mabala, Mabala the Farmer na Hawa the Bus Driver, mnavyopewa kidato cha kwanza na cha pili. Visome bila kamusi mkononi. Neno usilolijua liruke, endelea mbele, litarudi tena ukurasa mwingine na utalitambua lenyewe. Ukisimama kwenye kila neno utachoka kabla Hawa hajawasha basi. Na usimsikilize anayekucheka eti unasoma cha wadogo. Yeye anasoma nini?

Nawajua na wale ambao tatizo lao si utashi. Wapo wavulana wa mialoni wanaoingia ziwani na karabai usiku wa giza kutafuta dagaa, asubuhi wako darasani macho mekundu. Sitakuambia usome usiku. Lala. Mbalamwezi ikiwa kubwa na mitumbwi ikapumzika, jioni hizo ndizo zako. Wasichana mnaoanika dagaa kabla ya shule, nanyi vivyo hivyo. Kurasa mbili ukingojea daladala zinatosha. Haba na haba.

Lakini hapa nitakuwa mkali, na unisikie vizuri. Umeme ukikatika bwenini usiingie na mshumaa wala kibatari ndani ya chandarua. Nasikia mnavyofanya, mnajifunika shuka matroni asione mwanga. Chandarua kinashika moto kwa dakika, na watoto wa nchi hii wameshaungua mabwenini mara nyingi mno. Hakuna hadithi tamu kiasi hicho. Kama huna tochi au taa ya sola, fumba macho ulale, Willy Gamba atakungoja mpaka asubuhi, hafi upesi.

Vitabu utavipata wapi? Mkoa una maktaba, Maktaba ya Mkoa pale mjini, chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Ingia Jumamosi moja na sare yako au kitambulisho cha shule, msalimie aliyeko mezani, uliza utaratibu wa kujiunga. Wengi mnapita mlangoni mnadhani ni ofisi ya serikali ya kuogopwa. Pili, wauza vitabu vilivyotumika wanaotandika chini kando ya barabara. Pekua taratibu, chini ya vitabu vya fizikia vilivyochakaa huwa kuna riwaya. Tatu, azimaneni. Kwenye kuazimana ndipo mnaponichosha. Kukopa harusi, kulipa matanga! Mtu anachukua kitabu akitabasamu, ukimwuliza baada ya mwezi amekuwa adui yako, na kitabu kimerudi bila jalada, kimepigiwa hesabu pembeni. Ukiazimwa, kirudishe kama kilivyokuja. Mwenye kitabu akikunyima cha pili, usimseme, ulimfundisha wewe.

Na maktaba ya shuleni? Shule nyingi zina kabati lenye kufuli, au chumba kimeandikwa "Maktaba" mlangoni na ndani kuna viti vilivyovunjika na maboksi ya vitabu vilivyoletwa na wafadhili, havijawahi kufunguliwa. Ufunguo anao mwalimu mmoja, na mwalimu huyo anaogopa. Ana haki ya kuogopa, kwa sababu kikipotea kitabu ataulizwa yeye, na miaka iliyopita vilishapotea. Msiende kulalamika ofisini kwa mkuu wa shule, wala msimtie aibu mstarini. Nendeni watatu au wanne, wavulana na wasichana, saa za michezo Ijumaa. Mwombeni awaruhusu kufuta vumbi na kupanga vitabu, akiwepo yeye mwenyewe. Mkimaliza, ombeni vitabu kumi tu, vya wiki mbili, na mmoja wenu aweke jina lake kuwa msimamizi. Akikataa, mshukuruni mwondoke. Ijumaa inayofuata rudini na daftari la kuazimia mmeshalichora mistari: jina, kidato, kitabu, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha, sahihi. Mpeni alishike alifungue mwenyewe.